Rech, Samaki: Jinsi Kompyuta Inavyochagua Lugha ya Kujibu

Katika kaunti za Homa Bay na Migori, ambako Dholuo ndiyo lugha ya wengi, Kikuria kikitawala pande za Kehancha na Isebania, na Kisuba cha visiwa vya Mfangano na Rusinga kikizidi kumezwa na Dholuo, kompyuta humjibu mtumiaji wake kwa Kiingereza. Wengi hudhani kwamba mashine yenyewe haiwezi vinginevyo, ilhali nyenzo ya kuibadilishia lugha imekuwapo tangu miaka ya 1990, ilipoasisiwa na kampuni ya Sun Microsystems, kisha ikaundwa upya kama programu huria ya mradi wa GNU mwaka 1995. Nyenzo hiyo huitwa gettext.

Msingi wake ni kuyatenga maneno na programu. Kila ujumbe ambao programu humwonyesha mtu huorodheshwa katika faili la maandishi ya kawaida, ujumbe wa asili ukitanguliwa na neno msgid na tafsiri yake ikitanguliwa na msgstr. Kisha faili hilo hugeuzwa kuwa katalogi, yaani orodha iliyopangwa ili kompyuta iisome upesi, na kuwekwa kwenye folda ya lugha husika. Kila lugha ina alama yake ya kimataifa: sw ni Kiswahili, luo ni Dholuo, kuj ni Kikuria na sxb ni Kisuba.

Tuseme ipo programu iitwayo mwalo, ya kuandikia samaki wanaoshushwa Mbita. Mtu anayetumia mstari wa amri, yaani dirisha ambamo kompyuta huagizwa kwa maneno yaliyochapwa badala ya kubofya picha, ataandika:

LANGUAGE=luo:sw gettext mwalo "Fish"

Amri hiyo huiagiza kompyuta itafute kwanza katika katalogi ya Dholuo, na ikiliona neno hilo itajibu Rech. Isipoliona huko, itageukia Kiswahili na kujibu Samaki. Na katalogi zote mbili zikiwa tupu, itarudisha Fish kama ilivyopewa, bila kulalamika. Sharti ni kwamba mpangilio wa jumla wa lugha, uitwao LANG, usiwe umeachwa kwenye C, yaani mpangilio wa msingi usiotafsiri chochote, kwa kuwa hapo orodha ya LANGUAGE haisikilizwi kabisa. Mpangilio huu wa lugha ya kwanza na ya akiba unawafaa mno watu wa kaunti hizi mbili, ambao tayari huishi hivyo sokoni na nyumbani.

Ugumu halisi umo katika sarufi. Mwandishi wa programu kwa Kiingereza huweza kutumia neno moja lenye maana ya kusajiliwa kwa kitu chochote, lakini Kiswahili hudai upatanisho: boti 1 imesajiliwa, boti 5 zimesajiliwa, mvuvi 1 amesajiliwa, wavuvi 5 wamesajiliwa. Amri ya pili, ngettext, hupokea umbo la umoja, la wingi na idadi yenyewe, kisha huchagua tafsiri inayostahili. Hata hivyo haijui ngeli, na kwa hiyo mwandishi wa programu anapaswa kutoa sentensi nzima kwa kila kitu, si vipande vya kuungwaungwa. Dholuo nayo, ambayo husema buk kwa kitabu kimoja na buge kwa vingi, haiwezi kuhudumiwa kwa kuongeza herufi moja mwishoni.

Kiswahili kimekwisha kupiga hatua, kwani mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi kwa Kiswahili. Nayo ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka dola ikuze pia lugha za kiasili. Kinachohitajika sasa ni watafsiri. Faili la msgid na msgstr halidai ujuzi wa kuandika programu. Mwalimu wa Dholuo wa Homa Bay au wa Kikuria wa Kehancha anaweza kulifungua leo na kuanza kujaza mistari iliyo mitupu.