Hadithi Katika Picha: Shauri kwa Wazazi na Walimu

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo liwapasalo wazazi na walimu, na hata ninyi wanafunzi wakubwa mlio na wadogo zenu nyumbani. Jambo lenyewe ni hili: mtoto aanzaye kusoma afundishweje kuifahamu hadithi, hali herufi bado zamlemea?

Watu wengi hudhani kwamba mtoto akiweza kutamka maneno ya ukurasa mzima bila kukwama, basi amekwisha jua kusoma. Sivyo. Mwulize aliyetajwa ni nani, na limempata jambo gani. Asipoweza kujibu, ujue ametamka tu, hakusoma. Mtoto wa namna hiyo akikua, ataitamka barua yote asijue atakiwa kufanya nini. Ataitamka karatasi ya dawa, na mgonjwa asijue anywe mara ngapi. Kwa hiyo neno hili si mchezo.

Katika Tanzania, mwaka 2015 ulianza kutumika mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliokazia kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka 2016 ukaanza mradi wa Tusome Pamoja, na Mkoa wa Ruvuma ulikuwa mmoja wa mikoa yake. Lakini hakuna mtaala uwezao kuketi na mtoto jioni karibu na meko. Kazi hiyo ni yetu, na picha ni msaada mkubwa.

Kila hadithi ina viungo vitano. Kwanza, wahusika, yaani watu au wanyama wanaotajwa. Pili, mahali na wakati. Tatu, shida iliyotokea. Nne, matendo yaliyofanywa kwa ajili ya shida ile. Tano, mwisho wake. Mtoto aliyesikia habari za Sungura na Fisi kwa bibi yake amekwisha visikia viungo hivi vyote, ila hajui kuvitenga. Picha humwezesha kuvionyesha kwa kidole.

Natuchukue mfano. Tuseme mwalimu wa Mshangano, katika Manispaa ya Songea, hana kitabu cha picha. Na akate boksi kuukuu vipande vinne, achore kwa mkaa. Haidhuru picha zisipokuwa nzuri, maadamu zafahamika. Katika ya kwanza, msichana amejitwika gunia dogo la mahindi, anatoka nyumbani. Katika ya pili, yu njiani. Gunia limetoboka, punje zamwagika, na kuku wanadonoa nyuma yake. Katika ya tatu, amelitua gunia, anafunga tundu kwa kamba. Katika ya nne, yuko penye mashine ya kusaga, na unga waingia ndooni.

Mwalimu asiwaeleze watoto hadithi, bali awaulize: Huyu ni nani? Yuko wapi? Limempata jambo gani? Amefanya nini? Mambo yameishaje? Mtoto akijibu kwamba msichana amehuzunika, aulizwe, “Umejuaje?” Ndipo atakapoutazama uso na zile punje chini. Hilo ndilo somo lenyewe: kutafuta maana katika alama zilizo mbele yake. Na yule ambaye nyumbani husema Kingoni au Kimatengo, aachwe ataje kitu kwa lugha yake, kisha apewe neno la Kiswahili.

Baadaye vipande vichanganywe, watoto wavipange upya. Mmoja akiiweka ya tatu mbele ya ya pili, wenzake watauliza: atafungaje tundu ambalo halijatoboka? Hivyo watajifunza kwamba tendo moja huzaa jingine. Siku nyingine picha ya nne ifichwe, wakisie mwisho. Kila kisio kinachopatana na picha zilizotangulia kikubaliwe.

Hatimaye, chini ya kila picha iandikwe sentensi moja fupi, kwa maneno ya watoto wenyewe: “Kuku wanakula mahindi.” Lakini angalieni sana hapa. Mtoto mwerevu hutazama picha akabuni maneno, wala herufi hazitazami. Kwa hiyo, wakiisha kuizoea hadithi, picha zifunikwe na maneno yabaki peke yake. Picha ni kama gongo la mgonjwa: humsaidia kusimama, lakini apasa kuliacha apate kutembea.

Shauri hili si jipya. John Amos Comenius, mwalimu aliyezaliwa Moravia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, alitoa kitabu cha picha kwa watoto mwaka 1658 katika mji wa Nuremberg, Ujerumani. Kila picha iliambatana na maneno yake, ili mtoto aone kitu na kusoma jina lake pamoja. Yeye alihitaji wachoraji na wachapaji. Sisi kwa kuanzia twahitaji mkaa na boksi tu, au hata kijiti na mchanga uani.

Basi jaribuni jioni moja na mtoto mmoja. Msimwulize amesoma kurasa ngapi. Mwulizeni yale maswali matano. Siku atakapoyajibu kwa maneno peke yake, picha zikiwa zimefunikwa, hapo mtakuwa na haki ya kusema kwamba mtoto wenu ajua kusoma.