Masisi na Walikale: Wasichana na wavulana wakipambana kwenye tatami moja, nani anafaidika?

Je, ni sawa binti wa miaka 16 ashikane mwili kwa mwili na kijana wa kiume, waangushane, mmoja ambane mwenzake chini sekunde 20, huku mzazi amekaa pembeni akitazama? Katika judo, jiu-jitsu na mieleka hayo ni mazoezi ya kila siku. Lakini katika wilaya za Masisi na Walikale, jimboni Kivu Kaskazini, swali hilo lina uzito ambao haupo Tokyo wala Paris.

Sababu yake wenyeji wanaijua. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wenye silaha walivamia Luvungi na vijiji vingine kwenye barabara ya Kibua-Mpofi, wilayani Walikale. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa katika vijiji 13: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23 na wavulana 9. Ntabo Ntaberi Sheka, aliyeongoza moja ya makundi yaliyotajwa katika uchunguzi huo, alijisalimisha mwaka 2017 na kuhukumiwa kifungo cha maisha mjini Goma mwezi Novemba 2020. Vita havikuishia hapo. Mwaka 2025 vilifika tena Masisi-Centre na Walikale-Centre, na familia zikabeba magodoro kwa mara nyingine.

Mahali kama hapo, mzazi anayekataa binti yake ashikwe na mwanaume, hata kwa mchezo, hawezi kuitwa mshamba. Ana haki ya kuuliza. Jibu la kumpa linaanza na sheria moja ndogo ya michezo hii.

Kugonga mara mbili

Michezo ya kushikana haina ngumi wala mateke. Mchezaji anamkamata mwenzake kwenye kimono, anamvuta mpaka apoteze usawa, anamwangusha, kisha anambana chini. Wakubwa wanajifunza pia kukaba shingo na kukunja kiwiko.

Aliyebanwa akiona hawezi tena, anagonga mara mbili kwa mkono, kwenye mwili wa mwenzake au kwenye tatami. Akikosa mkono wa kugonga anatumia mguu au sauti. Papo hapo mwenzake anaachia. Haulizi kwa nini, hasubiri nukta moja zaidi, wala hamcheki. Asiyeachia anaweza kuvunja mkono wa mtu, na hakuna mwalimu wa kweli atakayembakiza kwenye tatami.

Sasa fikiria kijana wa miaka 17 ambaye mara tatu kwa juma anafanya mazoezi na wasichana. Kila siku mkono wa msichana unamgonga begani, na kila siku anaachia. Siku nyingine ni yeye amelala chini, na msichana ndiye anayeamua kuachia. Mwili wake unazoea jambo ambalo hotuba nyingi hazijaweza kufundisha: nguvu nilizo nazo juu ya mwenzangu zinaisha pale anaposema basi. Msichana naye anazoea kusema basi bila aibu, na kuona neno lake linaheshimiwa na mtu mwenye nguvu kumzidi.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuwachanganya. Klabu ya wasichana peke yao inaweza kuwafundisha kujitetea, lakini haiwafundishi wavulana kitu.

Watoto wawili wa Bukavu

Kivu ina mfano wake unaojulikana duniani. Popole Misenga na Yolande Mabika walizaliwa Bukavu. Wote wawili vita viliwatenganisha na familia zao wakiwa watoto. Misenga alikaa siku nane msituni kabla ya kuokolewa. Walipelekwa Kinshasa, na huko ndiko walikojifunza judo.

Mwaka 2013 walikwenda Brazil kwa mashindano ya dunia na hawakurudi. Walieleza baadaye kwamba nyumbani mchezaji aliyeshindwa aliweza kufungiwa, na kwamba kule Rio waliachwa bila chakula wala hati zao. Walipata hadhi ya ukimbizi na kuanza kufanya mazoezi katika Instituto Reação, shule ya judo iliyoanzishwa na Flávio Canto, mshindi wa medali ya shaba ya Olimpiki ya Athens 2004.

Mwalimu wao, Geraldo Bernardes, alisimulia kwa waandishi wa habari kwamba mwanzoni walikuwa wakali kupita kiasi. Kila zoezi kwao lilikuwa fainali, na wenzao waliumia. Ilibidi wajifunze upya kwamba mtu wa mazoezi si adui.

Tarehe 10 Agosti 2016 wote wawili waliingia uwanjani Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki. Mabika, katika kilo 70, alishindwa na Linda Bolder wa Israel. Misenga, katika kilo 90, alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akatolewa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka 2015.

Kisa chao kina mafundisho mawili. Tatami inaweza kumrudishia mtu imani kwa watu wengine. Tatami hiyohiyo, ikiwa mikononi mwa kiongozi mbaya, inaweza kuwa mahali pa mateso.

Mazoezi pamoja, mashindano mbalimbali

Watu wengi wanachanganya mambo mawili. Katika mashindano ya judo, mwanaume hupambana na mwanaume na mwanamke na mwanamke, kwa kilo. Hata katika timu za mchanganyiko, zilizoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo mwaka 2021, wanaume watatu na wanawake watatu wanachangia pointi, lakini hakuna anayepambana na jinsia nyingine. Ufaransa iliifunga Japan 4-1 katika fainali ya Tokyo, na 4-3 Paris mwaka 2024.

Kuchanganyika kunafanyika mazoezini. Msichana akizoea uzito na kasi ya mwanaume, mpinzani wa rika lake hamtishi tena. Mvulana naye anapunguza nguvu na kulazimika kutumia ufundi, na hapo makosa yake yanaonekana. Kabla ya kubalehe tofauti ni ndogo, kilo na uzoefu ndivyo vinavyoamua. Baada ya hapo wanaume kwa kawaida wana misuli zaidi, na mwalimu lazima achague jozi kwa makini.

"Hiyo si desturi yetu"

Maneno hayo yamesemwa hata Japan. Kano Jigoro alianzisha judo mwaka 1882, lakini kitengo rasmi cha wanawake katika shule yake ya Kodokan kilifunguliwa mwaka 1926. New York, mwaka 1959, Rusty Kanokogi alijifanya mwanaume ili ashiriki mashindano. Alishinda, kisha akanyang'anywa medali. Wanawake walianza kushindania medali za judo za Olimpiki mwaka 1992, Barcelona.

Na Afrika je? Katika eneo la Casamance, Senegal, wasichana wa Kidiola hupigana mieleka tangu zamani, na huko ndiko alikotoka Isabelle Sambou, aliyemaliza wa tano Olimpiki ya London 2012. Hapa kwetu, katika simulizi ya Mwindo ya Wanyanga wa Walikale, shujaa haendi peke yake kumkabili baba yake Shemwindo. Shangazi yake Iyangura anakwenda naye hadi Tubondo.

Masharti ya mzazi

Mzazi anayefikiria kumruhusu mtoto wake ana haki ya kudai mambo haya:

- Mazoezi yafanyike mahali pa wazi, ambapo wazazi wanaweza kuingia saa yoyote.
- Awepo mwanamke mtu mzima, mwalimu au msimamizi, kila wakati wasichana wanapofanya mazoezi.
- Kila mmoja, wa kike au wa kiume, aweze kukataa mwenza bila kueleza sababu.
- Jozi zipangwe kwa kilo, umri na uzoefu. Watoto wadogo wasifundishwe kukaba shingo.
- Mwalimu asibaki peke yake na mwanafunzi, wala asimwite nyumbani kwake.
- Kuangushana kusifanyike kwenye udongo mkavu. Bila tatami, turubai iliyotandazwa juu ya unga wa mbao wa kutosha inafaa kwa mazoezi ya chini tu.

Kwa aliyepitia ubakaji, uzito wa mtu juu ya kifua unaweza kurudisha yale aliyopitia. Asilazimishwe. Aanze na wanawake wenzake, au akae atazame mpaka mwenyewe atakapotaka. Judo haichukui nafasi ya matibabu: mtu aliyebakwa anapaswa kufika kituo cha afya kabla ya saa 72 kuisha, ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Kwa majeraha makubwa na msaada wa kisaikolojia, hospitali za HEAL Africa mjini Goma na Panzi mjini Bukavu zimewahudumia wengi.

Tusidanganyane pia: hakuna mbinu ya judo inayosimamisha risasi. Kuwalinda raia wa Masisi na Walikale ni kazi ya dola na ya wale wote wanaoshika silaha. Lakini siku vita vitakapotulia, vijana waliokulia ndani yake wataoana, watafundisha shule, watasimamia vijiji. Mahali pa kujifunza kuachia mtu anapogonga, ni afadhali pawe kwenye mkeka, wakiwa bado wadogo, mbele ya macho ya wazazi wao.