Mwaloni wa dubu: muti mufupi, muzizi muzee

Bandugu wa promo, mwaloni tunaujua sana kupitia Biblia, ile mialoni ya Mamre kwa Abrahamu. Kwa mawazo yetu ni muti mukubwa. Lakini uko ndugu yake mufupi, Quercus ilicifolia, wanaita mwaloni wa dubu. Unaota mashariki ya Marekani, kwenye udongo wa muchanga na mawe, kama kule Pine Barrens ya New Jersey.

Namna gani ya kuutambua? Mara nyingi haupiti meta 6. Jani ni la santimeta 5 mpaka 12, ukingo umekatika-katika, na kila ncha iko na kasindano kadogo. Juu ni kijani, chini ni nyeupe-nyeupe juu ya manyoya. Wakati wa baridi yote inaanguka. Maua ya kiume inaning'inia sawa kamba, upepo njo unabeba unga wake. Mbegu inakomaa mwaka wa pili. Ni chungu juu ya tanini, lakini dubu wanaikula. Jina limetoka pale.

Sasa tushuke chini. Moto ukipita, shina linakufa, lakini muzizi mukubwa unabaki na kutoa machipukizi. Unaweza kufika unene wa santimeta 20. Kumbe shina ni kijana, muzizi ni muzee. Moto ukikosa kwa miaka mingi, miti mirefu inaufunika kwa kivuli, unapungua.

Juu ya nini ninawaeleza hii? Kwa kazi yangu ya mwisho ya lisansi nilihesabu miti ya miombo karibu na Lubumbashi. Kila kamuti kafupi niliandika: «imeota kwa mbegu». Musimamizi akauliza: «Ulichimba?» Sikuchimba. Tukarudi na jembe. Chini ya kamuti ka kwanza tulikuta kisiki kinene kuliko paja langu, muti uliokatwa zamani na watu wa makala. Nikarudilia hesabu yote, kiangazi kizima.

Musichanganye: kwetu moto mukali wa mwisho wa kiangazi unaumiza machipukizi. Lakini miombo pia inarudi zaidi kupitia visiki na mizizi. Ukikata, inaweza kurudi. Uking'oa visiki vyote ili ulime, umeondoa pori lenyewe.

Wale munaoenda tereni mwaka huu, pamoja na meta mubebe jembe. Na mbele ya kuandika «pori limekwisha», muchimbe kwanza.