Kabla hujaitupa TV ya chogo

Nilipokuwa mdogo Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kibanda cha gemu cha mtaani kwetu kilikuwa na pazia la kitenge mlangoni. Ndani mlikuwa na giza, joto na harufu ya jasho la watoto. Mezani ilikaa TV moja ya chogo, ile yenye mgongo uliotokeza, na chini yake PlayStation ya kwanza yenye padi mbili zilizofungwa kwa gundi ya karatasi. Diski tuliyoipenda kuliko zote ilivuka Ruvuma kutoka upande wa Mtwara. Ilikuwa Namco Museum Volume 1, mkusanyo uliotoka Japani mwaka 1995, wenye Pac-Man, Galaga, Rally-X, Bosconian na Pole Position. Tulijipanga foleni nje kwa ajili ya dakika chache tu. Rangi za Pac-Man ziliwaka gizani kama taa za ngalawa za wavuvi wa usiku.

Miaka mingi baadaye niliichomeka mashine ya aina ileile kwenye TV flati ya sebuleni, nimwonyeshe mpwa wangu tulichokuwa tukichezea. Picha ilipotokea nilinyamaza. Pac-Man alikuwa amepanuka kama yai lililolala ubavu. Kingo za kuta zilikuwa na ukungu, maandishi yalisomeka kwa taabu, na kila nilipobonyeza padi alichelewa kugeuka. Mpwa wangu akaniuliza kwa upole, "Mjomba, gemu zenu zilikuwa mbaya hivi?"

Hazikuwa mbaya. Nimeandika makala haya kumjibu, maana watu wengi wanazidharau gemu za zamani kwa kosa ambalo si lao.

Gemu hizo hazikuzaliwa nyumbani. Space Invaders ya Taito ya mwaka 1978, Pac-Man ya Namco ya mwaka 1980 na Donkey Kong ya Nintendo ya mwaka 1981 zilikaa ndani ya makabati makubwa ya mbao, kwenye kumbi na mikahawa, na mchezaji alitumbukiza sarafu. Kioo cha kabati kilikuwa cha chogo, na waliochora gemu walichora kwa ajili ya kioo hicho. Picha nzima ya Pac-Man ina pikseli 224 kwa upana na 288 kwa urefu. Flati ya leo inaweza kuwa na 1920 kwa 1080 au zaidi. Mtu akisikia hesabu hiyo hudhani picha ndogo ikiwekwa kwenye kioo kikubwa itapendeza zaidi. Kumbe kioo kikubwa humfichua mchoraji mahali alipotegemea kufichwa.

Ndani ya chogo kuna miale ya elektroni inayopita juu ya kioo mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, na kila inapogusa huwasha chembe za rangi nyekundu, kijani na buluu. Mwanga wa kila chembe husambaa kidogo, ukaingia kwa jirani yake. Kwa hiyo pikseli haionekani kama kigae chenye kona nne. Anayeujua mkeka wa ukili wa rangi ataelewa mara moja: ukiinama karibu unaona vipande vya miyaa vinavyopishana, ukisimama unaona ua. Wachoraji wa gemu walisuka kwa kuhesabu umbali huo. Katika Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991, maporomoko ya maji yamechorwa kwa mistari ya wima iliyoachiana nafasi. Kwenye chogo, kupitia ule waya wa njano unaobeba picha kutoka kwenye mashine, mistari ile iliyeyuka ikawa maji yanayopenya mwanga. Kwenye flati safi inabaki mistari.

Kuna jambo la pili pia. Mashine za zamani zilituma mistari ipatayo 240 tu, nusu ya uwezo wa TV, na kila mzunguko mpya ulipita palepale ulipopita wa kwanza. Katikati ya mistari ikabaki mianya myembamba ya giza, nayo ndiyo iliyoipa picha ukali wake. Flati nyingi haziutambui mpango huo. Huchukua kila mzunguko kuwa ni nusu ya picha ya kawaida ya televisheni, zikausubiri mwingine, zikaziunganisha nusu mbili zisizohusiana, kisha zikanyoosha matokeo yajaze kioo. Hapo ndipo ukungu unapotoka, na ucheleweshaji wa padi pia, kwa sababu kazi yote hiyo inahitaji muda.

Sisi wa pwani hii tulikuwa na tatizo letu la ziada, nalo lilianza kabla ya gemu yoyote. Umeme wa Msumbiji, kama wa Tanzania na Ulaya, unapiga mizunguko 50 kwa sekunde. Televisheni za Ulaya zilijengwa juu ya hesabu hiyo, na mfumo wa rangi wa PAL, uliobuniwa Ujerumani na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, ukaifuata. Zanzibar ilipoanza kurusha televisheni ya rangi miaka ya 1970, na Msumbiji ilipoanza majaribio ya televisheni mwaka 1981, zote zilisimama upande huo wa PAL. Lakini gemu zilitungwa Japani na Marekani, ambako TV zilipiga 60.

Zilipohamishiwa PAL, nyingi hazikurekebishwa. Gemu iliyohesabu mwendo wake kwa mizunguko 60 ikapewa 50, na pambano la sekunde 60 likachukua 72. Muziki ukazubaa. Na kwa kuwa PAL ina mistari 625 dhidi ya 525 ya Japani na Marekani, picha haikujaza kioo. Ikabanwa katikati, na mikanda myeusi ikakaa juu na chini. Watoto wengi wa pwani yetu walikua wakiamini kwamba Street Fighter II ndivyo ilivyo: pana, fupi na nzito.

Wenye vibanda walikuwa na dawa yao, ingawa nayo ilikuwa na gharama. Fundi alifungua mashine na kuifanya isome diski za Japani na Marekani. Mwendo ulirudi, picha ikajaa, ila kwenye TV inayojua PAL peke yake rangi zilipotea, tukacheza kwa nyeupe na nyeusi. Ndiyo maana TV zinazosoma mifumo yote, zile zilizouzwa Dubai na kufika kwetu kwa mikono ya wafanyabiashara, zilithaminiwa sana. Mwenye nayo alijaza kibanda.

Makusanyo yenyewe nayo hayakuwa sawa. Pac-Man na Galaga zina picha iliyosimama wima, na TV ya nyumbani imelala. Mistari 288 haiingii kwenye 240. Mtengenezaji huibana picha ipoteze baadhi ya mistari, au hukuomba uilaze TV ubavu. Usijaribu kulaza chogo bila kufikiri: ni zito, na likibadilishwa mkao, usumaku wa dunia unaweza kuacha madoa ya rangi kwenye pembe. Zama za PlayStation 2 zilileta makusanyo manene zaidi, kama Midway Arcade Treasures ya mwaka 2003 na Capcom Classics Collection ya mwaka 2005. Lakini mengi ya wakati huo yaliikuza picha ya asili hadi mistari 480 inayopokezana, hivyo kingo zikalainika na mistari myembamba ikatetemeka. Diski ya zamani yenye gemu chache inaweza kuipita kwa picha diski mpya yenye ishirini.

Ukiwa na flati tu, bado unaweza kuokoa mengi. Weka umbo la picha 4:3, mduara urudi kuwa mduara. Washa hali ya gemu, uzime ukali wa ziada na usafishaji wa picha. Gemu ikikuuliza 50 au 60, na TV yako inapokea, chagua 60. Jihadhari na vigeuzi vya bei rahisi vya AV kwenda HDMI, maana vingi huivuta picha hadi upana wote wa kioo, na hapo TV haina tena la kurekebisha.

Na ukiwa na chogo linalofanya kazi, litunze. Liepushe na spika kubwa, sumaku yake huharibu rangi. Lifunike dhidi ya upepo wa chumvi. Likiharibika usilifungue mwenyewe, kwani hata likichomolewa linaweza kubaki na maelfu ya volti. Wala usilivunje jalalani, maana kioo chake kina madini ya risasi.

Nayasema haya kwa uzito kwa sababu pwani yetu imepoteza vitu vingi. Mashambulizi ya waasi yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 na kufika mjini Palma Machi 2021 yaliwatoa watu majumbani kwa maelfu, na mtu anayekimbia na watoto habebi televisheni. Waliorudi wanaanza upya, na dukani leo kuna flati tu. Sifananishi TV na roho ya mtu. Lakini utoto nao una vitu vyake, na mtu akiulizwa alichezea nini angependa kukionyesha kama kilivyokuwa.

Jumamosi iliyofuata niliazima chogo la inchi kumi na nne kwa jirani. Nikachomeka waya wa njano, nikavuta pazia. Mpwa wangu alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akaona chembe za rangi. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akaketi mkekani, akaomba padi.