Kobo Inakataa? Kwanza Uliza: Majibu Yako Wapi?



Kila msimu wa ankete napokea ujumbe wa namna moja: "Yaya, Kobo inakataa." Inakataa nini? Kuingia? Kushusha fomu? Kutuma? Mtu hasemi. Na mara nyingi yule anayeuliza amekwisha kujaribu dawa yake mwenyewe: ameondoa programu na kuiweka upya. Hapo njo hatari inaanzia.

Wengi wetu, tukiwa bado tunaandika memwari au tukiwa tumepata kazi ya miezi mitatu katika mradi fulani, tutakutana na KoboToolbox. Kwa sisi wa agronomia ni kama jembe: eneo la shamba, mbegu, mavuno, ugonjwa wa mihogo, vyote vinapitia humo. Nataka kueleza shida zinazorudi kila mara, na namna ya kuzitatua bila kupoteza kazi ya watu. Kama utakumbuka neno moja tu, likuwe hili: mbele ya kutengeneza chochote, ujue kwanza majibu yako yako wapi.

1. Jibu la mkulima lina vituo vitatu

Kobo iko na pande mbili. Upande wa kwanza ni seva, kule unatengeneza fomu na kupokea majibu. Upande wa pili ni KoboCollect, programu ya Android ambayo anketeri anabeba shambani. KoboCollect imejengwa juu ya ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008. Kwa hiyo anayetumia ODK, maelezo mengi ya hapa yatamfaa pia.

Programu hii inahitaji intaneti mara mbili tu: kushusha fomu tupu, na kutuma fomu zilizojazwa. Katikati ya hapo unaweza kukaa juma nzima Walungu bila rezo, na kazi inaendelea. Hata GPS haili mega, juu inasikiliza satelaiti. Ikichelewa, toka chini ya mabati au chini ya migomba, simama pa wazi, ngoja.

Sasa, vituo vitatu ni hivi. Kituo cha kwanza: rasimu. Fomu imejazwa na kuhifadhiwa, lakini haijakamilishwa. Kituo cha pili: fomu iliyokamilishwa, iko tayari kutumwa, lakini bado iko ndani ya telefone. Kituo cha tatu: seva. Watu wengi wanasema "nimetuma zote" na kumbe fomu kumi zimelala katika rasimu. Rasimu haitumwi, hata rezo ikuwe nzuri namna gani. Lazima kwanza uikamilishe.

Kwenye telefone, kila fomu iliyojazwa ni folda ndogo: faili moja ya XML yenye majibu, na picha zake pembeni. Katika Android za sasa, folda hizo zinakaa ndani ya chumba cha programu yenyewe. Ukiondoa programu, Android inabomoa chumba pamoja na vyote vilivyomo. Ukibonyeza "futa data" katika mipangilio ya telefone, matokeo ni yale yale. Na kitufe hicho kiko jirani kabisa na kile cha kufuta kashe. Kidole kikiteleza, siku tatu za shamba zimekwenda.

Nimeona timu moja ikirudi kijijini kuuliza kaya zile zile maswali yale yale, juu tu mtu mmoja aliondoa programu ili "iende haraka". Wakulima walijibu, lakini kwa uchovu. Majibu ya mara ya pili hayalingani na ya kwanza, na huwezi kuwalaumu.

2. Programu haitaki kuingia katika telefone

Njia nzuri ni kuichukua Play Store. Lakini tunajua maisha yetu: mara nyingi tunapeana faili ya programu kwa Bluetooth ili kuokoa mega. Kisha telefone inasema programu haikuwekwa. Chunguza mambo matatu kwa mpangilio huu.

Kwanza, nafasi. Telefone iliyojaa video za WhatsApp haina pahali pa kuweka kitu kipya. Pili, faili yenyewe: linganisha ukubwa wake na ule wa aliyekutumia. Kama yako ni ndogo, ilikatika njiani. Tatu, toleo la zamani lililotoka chanzo kingine linaweza kugombana na jipya. Hapo telefone itataka uondoe la zamani. Ngoja! Fungua kwanza lile la zamani, tuma kilichomo, hakikisha kimefika, kisha njo uondoe. Kusasisha programu juu ya ile iliyopo hakufuti fomu; kuondoa kunafuta.

Na timu nzima itumie toleo moja. Vitufe vikiwa na majina tofauti kwenye kila telefone, mafunzo ya asubuhi moja yanakuwa ya siku mbili.

3. Seva inakukataa

Hapa soma ujumbe wa kosa wote, neno kwa neno. Kuna tofauti kubwa kati ya "sikupati" na "sikujui".

Kama programu haipati seva, angalia anwani. Usiiandike kwa kichwa. Ingia katika akaunti yako kupitia ordinatere, fungua fomu, chagua kukusanya data kwa programu ya Android, na anwani utaiona pale. Inanza na https. Herufi moja ikikosekana, au nafasi tupu ikiingia mwishoni, hakuna kitu kitaenda. Kumbuka pia kwamba Kobo iko na seva mbili za wazi, ya dunia nzima na ya Ulaya. Akaunti uliyofungua kwenye moja haijulikani kwenye nyingine.

Kama anwani ni sahihi na bado inalalamika juu ya usalama au cheti, tazama tarehe ya telefone. Hili linashangaza watu. Kila anwani ya https inaonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Telefone iliyozimika kwa bateri kuisha, ikawaka na kujiona iko mwaka 2015, itasema cheti hicho bado hakijaanza, na itafunga mlango. Weka tarehe na saa sahihi, jaribu tena. Faida ni mbili, juu saa ya kuanza na kumaliza ankete inachukuliwa kwenye telefone hiyo hiyo.

Kama seva inakupata lakini haikujui, ni jina au neno la siri. Kobo inataka jina la mtumiaji, siyo barua pepe. Kibodi ya telefone inapenda kuweka herufi kubwa mwanzoni bila kukuuliza. Na kama jina na neno la siri ni sawa, pengine mwenye mradi hajakupa ruhusa ya kutuma majibu. Hiyo huwezi kuitengeneza shambani, mwombe aifungue.

Fomu haionekani katika orodha? Mara nyingi mwenyewe ameiandika lakini hajaisambaza. Akibadilisha swali, ni lazima aisambaze tena, na kila anketeri aishushe upya. Bila hivyo, nusu ya timu inauliza swali jipya, nusu nyingine inauliza la zamani.

Siri ndogo ya kuokoa saa: tengeneza telefone moja vizuri, kisha toa mipangilio yake kwa kodi ya QR. Wengine wanaipiga picha na kupokea anwani ile ile, bila mtu kuandika kitu.

4. Rezo iko, lakini haitumi

"WhatsApp inaenda, Kobo hapana." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi. Angalia forfe uliyonunua. Kama ni ya mitandao ya kijamii peke yake, WhatsApp na Facebook zitapita, na Kobo itabaki nje. Siyo programu imekufa. Ni mega zako haziruhusu. Nunua forfe ya intaneti ya kawaida, hata ndogo.

Ukiwa kwenye wifi ya chuo au ya hoteli, alama zinaweza kujaa na bado hakuna njia, juu wifi inangoja uandike kodi kwenye ukurasa wake. Jaribio ni rahisi: fungua anwani ya seva katika Chrome. Ikifunguka, njia iko. Isipofunguka, shida siyo Kobo.

Adui mwingine ni picha. Tufanye hesabu pamoja. Fomu 40, kila moja na picha 2, kila picha mega 4: ni mega 320 kwa jioni moja, kwa rezo ya kijijini! Mwenye kutengeneza fomu anaweza kupunguza hili tangu mwanzo: swali la picha linakubali agizo la max-pixels. Ukiandika max-pixels=1024, jani la muhogo lenye mozaiki bado litaonekana vizuri, na picha itashuka chini ya mega moja.

Na kutuma kukikatika katikati? Usijaze fomu upya. Nasema tena: usijaze upya. Kila fomu inabeba namba yake ya pekee. Ukituma tena fomu ile ile, seva inatambua namba hiyo na haiihesabu mara mbili. Lakini ukiijaza upya, inapata namba mpya, na mkulima mmoja anageuka wawili katika matokeo yako. Tuma tena, hata mara tano, au ngoja ufike pahali pa rezo nzuri.

Kwa wanaotumia iPhone: fomu ya mtandaoni inaweza kujazwa bila rezo, lakini majibu yanangoja ndani ya programu ya kufungulia intaneti. Ukisafisha data yake mbele ya kutuma, umeyasafisha nayo.

5. Majibu yamefika, Excel inayaharibu

Seva iko sawa, lakini faili inachanganya. Shida nne ninazoziona kila mwaka ni hizi.

Alama za ajabu. Ukiona "Ã©" pahali pa "é", faili ni ya UTF-8 na Excel imeisoma kwa njia nyingine. Usiifungue kwa kubonyeza mara mbili. Ilete kupitia sehemu ya Data ya Excel, chagua UTF-8 na kitenganishi. Au shusha moja kwa moja faili ya XLS.

Jumla ni sifuri. Seva inaandika robo hektari kama 0.25, lakini Excel ya Kifaransa inangoja 0,25. Basi inaichukua kuwa maneno, na SOMME haijumlishi maneno. Badilisha nukta kuwa mkato katika safu hiyo tu, au wakati wa kushusha chagua namba zihifadhiwe kama namba.

Namba za simu zimepoteza 0 ya mbele. Excel inaona namba, inatupa sifuri. Wakati wa kuileta, ambia safu hiyo ni maneno.

Mashamba yamepotea. Hii njo inatisha zaidi. Umeuliza kila kaya juu ya mashamba yake yote, moja baada ya lingine, kwa kikundi kinachojirudia. Unashusha CSV na mashamba hayamo. Hayajapotea: CSV haibebi vikundi vinavyojirudia. Shusha XLS, utakuta karatasi ya pili ndani ya faili. Safu ya _parent_index inakuambia shamba hili ni la kaya gani, kwa kulinganisha na _index ya karatasi ya kwanza.

Na usishangae saa ya _submission_time. Seva inaandika saa ya UTC. Fomu iliyotumwa Bukavu saa 18:00 itaonekana 16:00. Anketeri wako hakudanganya.

Faili ya kwanza uliyoshusha usiiguse kamwe. Ihifadhi na tarehe katika jina lake, fanya kazi katika nakala.

6. Hesabu ya jioni

Kila jioni, kila anketeri aseme namba tatu: nimejaza ngapi, nimekamilisha ngapi, nimetuma ngapi. Mkuu wa timu analinganisha na seva. Kama zinatofautiana, tunatafuta usiku huo huo, wakati kila mtu bado anakumbuka nyumba alizopita. Weka katika fomu swali la kodi ya anketeri, bila hiyo hutajua zinazokosekana ni za nani.

Kama rezo haiko kwa siku nyingi, chukua waya, unganisha telefone na ordinatere, nakili folda ya instances. Kwenye Android nyingine folda hiyo imefichwa. Hapo dawa ni moja tu: telefone isibadilishwe mkono, na programu isiguswe mpaka mpate rezo.

Wandugu, mama aliyeacha kupalilia maharagi ili akujibu dakika 45 hatakuwa na asubuhi nyingine ya kukupa. Alikuambia ukubwa wa shamba lake, madeni yake, magunia aliyovuna. Kosa la telefone linaweza kutengenezwa kesho. Jibu lake likifutika, limefutika.

Kwa hiyo, ukipata shida, uliza hapa chini, lakini usiandike "inakataa" peke yake. Andika ujumbe wa kosa kama ulivyo, sema uko kwenye hatua gani, na fomu ngapi ziko kituo gani. Na mpaka upate jibu, usiondoe programu.