Mutuka inalia kwenye ambreyaje: sikilizeni kwanza, mulipe nyuma

Wandugu wa koperative, mavuno ya mahindi iko karibu, na Hilux za zamani zitaanza tena kupanda na kushuka njia ya Kasenga. Kila mwaka wakati huu tunapata ulizo moja: mutuka inalia tukikanyaga ambreyaje, tufanye ginsi gani?

Koperative moja ilileta mutuka yake garaji huku Kamalondo. Fundi alishusha bwate ya vitesi, akabadilisha disiki, akalipwa. Walipofika kwao, makelele ni yaleyale. Kumbe iliyolia ni rulema ya bwate. Disiki ilikuwa ingali nzima. Feza ya mbolea ikaenda bure.

Mbele ya kushusha kitu chochote, simamisheni mutuka mahali sawa, muvute freni ya mukono, mutoe vitesi. Mutu mumoja akanyage, mwingine asikilize. Anzeni motere ikiwa imezimwa. Ikilia hivyo, ni pedali yenyewe ama fursheti inayosukuma bite: mara nyingi grisi kidogo inatosha.

Sasa washeni motere. Kama inalia mguu ukiwa mbali na pedali, na inanyamaza ukikanyaga mpaka chini, angalieni rulema ya mbele ya bwate. Kama ni kinyume, yaani kimya, halafu inaanza kulia pale pedali inapoanza kushuka, ni bite. Hiyo njo tunakutana nayo sana. Ikilia tu pedali ikiwa chini kabisa, inaweza kuwa bite tena, ama ile rulema ndogo iliyo nyuma ya motere.

Disiki iliyokwisha ina dalili zake: kwenye mulima motere inapiga kelele lakini mutuka haiongezi mbio, na harufu ya kuungua inaingia ndani.

Bwate ikishuka, badilisheni bite, disiki na plato pamoja. Pyesi zinaongeza bei, ndiyo, lakini kazi ya kushusha ni ileile, na hamutapenda kuilipa mara mbili katikati ya mavuno. Muangalie pia kama mafuta ya motere inavuja kwa nyuma. Ikivuja, disiki mpya itateleza kama ya zamani. Bite mpya musiioshe na esansi, grisi yake imefungwa ndani. Vumbi ya disiki musiipulize, maana disiki za zamani zingine ziko na amianti, mbaya kwa mapafu: pangusa na kitambaa chenye maji. Na mutu asiingie chini ya mutuka inayosimama kwa kriki peke yake.

Shofa naye aambiwe: mguu usilale juu ya pedali njiani. Bite inazunguka bure mpaka inakufa.

Kazi ikiisha, ombeni fundi pyesi za zamani mukononi. Zungusheni bite ile kwa vidole. Ikikwaruza kama iko na mchanga ndani, hakuwadanganya.