Bangili za Karagwe

Hapo kale wahunzi wa Karagwe, nchi ambayo leo imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru. Chuma kilitakiwa kwanza kwa jembe na mkuki, pambo lilingoja.

Kisha misafara ya pwani ikafika, ikaweka kituo Kafuro, ikaleta shanga na waya nene za shaba kununulia pembe za ndovu. Hapo kazi ya bangili ikageuka: shaba ilikuja tayari, ikabaki kuivuta.

Udodi, pambo lililopendwa katika nchi za maziwa, ulifanyizwa hivi. Ncha ya waya ilipitishwa katika tundu la chamburo, yaani kipande cha chuma chenye matundu, ikavutwa kwa koleo. Kisha katika tundu dogo zaidi, na dogo tena, hata ikawa kama uzi. Mwenye haraka aliikata, akapoteza kazi yake. Uzi huo ulizungushwa juu ya singa za mkia wa ng'ombe mpaka singa zisionekane. Nazo ndizo zilizoufanya udodi upindike bila kuvunjika.

Mwingereza Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika, tarehe 25 Novemba 1861, alimkuta amevaa joho jeusi la Kiarabu, shanga za rangi miguuni, na mikononi bangili za shaba, ambazo aliandika kwamba zimefanyizwa vizuri.